Fundi Mmoja, Spika Tatu

Jumatatu ile Nesi wa chumba cha sindano alifika nyumbani saa kumi na mbili na robo jioni, akaweka mkoba juu ya friji, akawasha jiko la gesi apashe chakula cha jana. Mumewe aliingia dakika chache nyuma yake. Alikuwa na tepu ya kupimia shingoni na hedifoni masikioni, kama kawaida yake, akakaa kwenye kigoda cha mlangoni kuvua viatu. Alivua cha kushoto. Alipoinama kufungua kamba za cha kulia, simu ililia mlio mfupi mfukoni mwake, na hapo hapo akawa hayupo.

Nesi alizima jiko akaenda kutazama. Simu ilikuwa juu ya kigoda, hedifoni zikining'inia. Kiatu cha kushoto kilikuwa sakafuni. Cha kulia kilikuwa kimeondoka na mwenyewe. Aliokota simu akasoma kwenye kioo: Akaunti hii inatumika kwenye vifaa vitatu vingine. Ili usikilize hapa, zima kimoja. Alisoma mara mbili, maana alikuwa amevua miwani. Kisha akarudi kuwasha jiko, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na njaa.

Mume huyo mtaa mzima ulimwita Mkataji. Alikuwa amekata nguo kwenye karakana ya Mama Sare kwa miaka ishirini na miwili. Mama Sare alishona sare za shule, kaptura za kaki, sketi za marinda na mashati meupe, na washonaji wake walikuja na kuondoka kama abiria, lakini mkataji alibaki huyo huyo. Alikuwa akitandika tabaka nane za kitambaa juu ya meza, akachora kwa chaki, akapitisha mkasi, na kipande cha juu kisipishane na cha chini hata kwa unene wa uzi. Sharti lake lilikuwa moja: hakati bila muziki. Zamani alikuwa na redio ya betri. Baadaye binti yao, anayeuza simu, alimwekea ile programu ya muziki ya kulipia kila mwezi, kwenye simu na kwenye spika ya karakana. "Inaruhusu vifaa vitatu kwa wakati mmoja, baba," alimwambia. "Kimoja chako, kimoja cha mama, kimoja akiba."

Akiba ndiyo iliyoanza kuliwa.

Mama Sare alifungua karakana ya pili nyuma ya soko, na mwezi haukuisha akaja kwenye meza ya kukatia akilalamika. Washonaji wa kule wanasinzia, alisema, kola zinatoka zimepinda. Akaomba lile neno la siri la muziki awafungulie na wao. Mkataji aliliandika kwa chaki kwenye kipande cha kaki akampa. Hakuona ubaya, muziki haupungui kwa kusikilizwa. Kesho yake saa nne asubuhi spika ikafunguliwa nyuma ya soko, na Mkataji akawa kule, chaki sikioni, akiuliza meza iko wapi. Karakana ya kwanza hakuwa ameondoka. Alikuwa ameinamia mikono ya mashati. Washonaji walimsalimia wakamsogezea meza. Mmoja alimshauri akae karibu na dirisha, mwanga ni mzuri zaidi. Hadi adhuhuri alikuwa amekata sketi arobaini.

Jioni spika zilipozimwa alibaki mmoja, mwenye simu mfukoni, akarudi nyumbani miguu ikimuuma mara mbili.

"Leo nilikuwa sehemu mbili," alimwambia mkewe.

"Kula," Nesi alisema, akamkanda mabega.

Hakulipenda jambo hilo tangu mwanzo, lakini alimeza. Baadaye mumewe alikuja na habari kwamba Mama Sare amehamishia malipo ya muziki kwenye kadi yake mwenyewe ili asisumbuke, na kwamba amebadilisha na neno la siri, kwa usalama. Aliisimulia kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Nesi alimkata jicho. "Mtu akikwambia anakupunguzia mzigo," alisema, "kwanza tazama ameushika upande gani."

Basi Jumatatu hiyo ya kiatu, Mama Sare alikuwa amefungua karakana ya tatu, kwenye jengo lililokuwa duka la matairi. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Aliagiza spika zote tatu ziimbe mchana na usiku, na washonaji waingie kwa zamu.

Asubuhi Nesi aliomba ruhusa kazini, akatia kiatu cha kushoto kwenye mfuko wa plastiki, akaenda.

Kwenye karakana ya kwanza alimkuta ameinamia meza. Alimtazama miguuni kabla ya kumtazama usoni: viatu vilikuwa viwili.

"Mama watoto," Mkataji alisema. "Mbona asubuhi hii?"

"Jana hukurudi nyumbani."

"Nilidhani yule wa pili amerudi."

"Hakurudi."

"Basi atakuwa wa tatu." Alisema hivyo mkasi ukiendelea kutembea. Macho yalikuwa mekundu na kidevu hakikuwa kimenyolewa. "Mwambie akirudi asile nyama yote. Kuna watu wengine nao hawajala."

Nyuma ya soko, wa pili alikuwa amenyoa. Alikuwa na tepu mpya, ya manjano, na shati lililopigwa pasi na mtu mwingine. Alimpa mkewe mkono kama anayempokea mteja.

"Nimekuja kujua unarudi lini nyumbani," Nesi alisema.

"Kuna kazi hapa, mama watoto. Bosi ametuamini. Yule wa kwanza ni mzembe, anakata huku analalamika, na mimi ndiye ninayemfunika aibu yake. Sasa na wewe ukija kusimama hapa na mfuko, watu wataniona vipi?"

"Watakuona una mke."

"Sauti," alisema wa pili, akatazama mlango wa ofisi ya msimamizi.

Nesi alimtazama mtu huyo aliyemzalia watoto wawili, akaona kwamba angeweza kumchoma sindano bila kumwambia avute pumzi. Akaondoka bila kuaga.

Wa tatu, kwenye jengo la matairi, alikuwa anakata kaptura akiwa na kiatu kimoja. Mguu wa soksi aliuweka juu ya gogo la jora lililokwisha kitambaa, sakafu isimpige baridi. Kabla ya salamu aliuliza, "Umekuja nacho?" Nesi akampa mfuko. Alivaa, akafunga kamba, akaweka mkasi chini.

"Twende," alisema.

Walitoka pamoja. Hakuna aliyewazuia. Walipita geti, walipita fundi wa baiskeli na duka la rangi, na muziki ukawa unafifia nyuma yao. Kwenye kona, pale sauti ilipokatika kabisa, Nesi alijikuta ameshika hewa. Akageuka akarudi. Mumewe alikuwa mezani, anapima.

"Jana nilijaribu mara nne," alisema. "Kwenye ile kona, kwenye ukuta wa nyuma, na mara mbili nikikimbia."

Ofisi ya Mama Sare ilikuwa karakana ya kwanza, chumba chenye kiyoyozi na sare za mfano zikiwa zimening'inia ukutani, ndogo kwa kubwa, kama familia isiyo na vichwa. Mama Sare alikuwa anapiga mahesabu ya vifungo. Hakusimama.

"Karibu, dada."

"Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Yupi?"

"Yeyote. Mmoja."

"Dada yangu, mimi sijamfunga mtu kamba. Milango yangu iko wazi, umeingia mwenyewe umeona. Mtu akitoka, kisha akarudi mezani kwa hiari ya mwili wake, kosa langu liko wapi?"

"Zima spika moja."

"Nizime ipi? Ya kwanza ina mashati, ya pili ina sketi, ya tatu ina kaptura. Unataka watoto wa watu waende shule bila nini?"

Nesi alikaa bila kukaribishwa. "Akaunti ni ya mume wangu. Ina jina lake."

"Jina ni lake," Mama Sare alikubali. "Neno la siri ni langu."

"Anafanya kazi ya watu watatu. Umemwajiri mmoja."

"Nimwajiri mara ngapi mtu yule yule? Ana jina moja, kitambulisho kimoja, saini moja. Mimi nafuata sheria. Na anakula, wa pili ameanza kunenepa." Mama Sare alifunga daftari lake la vifungo. "Nikuambie kitu, kama mwanamke kwa mwanamke. Ni wake wangapi mji huu wanajua mume yuko wapi kila saa? Wewe unajua. Sehemu tatu, na zote zina anuani. Mwenzio angeshukuru."

"Mwenzangu ni nani?"

"Ni msemo tu, dada. Funga mlango ukitoka, ubaridi unatoka."

Nesi aliuacha wazi.

Jioni hiyo binti yao alikuja, akakaa mezani na simu ya baba yake, akajaribu alichojua. Alibonyeza palipoandikwa Nimesahau neno la siri, na ujumbe wa kulibadilisha ukaenda kwenye namba ya Mama Sare. Dakika moja baadaye Mama Sare alituma meseji ya vikatuni viwili vinavyocheka. Binti akapiga simu huduma kwa wateja, akaiweka sauti ya nje. Baada ya muda mrefu alipokea kijana mwenye sauti laini.

"Mwenye akaunti mwenyewe yupo hapo?" aliuliza.

"Hayupo," Nesi alisema. "Yuko ndani ya hiyo akaunti."

"Naelewa, mama. Kwenye vifaa vingapi?"

"Vitatu."

"Hicho ndicho kiwango cha mwisho cha kifurushi chenu. Hakuna hitilafu."

"Mtoe kwenye kimoja."

"Kwa usalama wa mteja, hatuwezi kumtoa mteja bila idhini ya anayelipa. Anayelipa ni nani?"

Binti akakata simu kabla mama yake hajajibu, maana alimwona anavyovuta pumzi.

Siku ya nne Nesi alikwenda jengo la matairi saa sita mchana, washonaji wakiwa wametoka kula. Hakumsemesha mtu. Alitembea hadi kwenye spika, akafuata waya, akachomoa. Muziki ukakatika katikati ya neno. Mkasi wa wa tatu ulianguka juu ya meza, na yeye akawa hayupo. Nesi alitoka kwa mwendo wa kawaida hadi kwenye kona, kisha akaanza kukimbia. Nyumbani kulikuwa mbali. Alibadilisha gari mara mbili, na la pili lilipasuka tairi. Alifika baada ya saa moja na robo. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Simu ya mumewe ilikuwa mezani, kioo kikiwa na maneno yale yale ya vifaa vitatu vingine. Sufuria ilikuwa tupu na imeoshwa, sahani imeoshwa, shati chafu limelowekwa kwenye beseni. Kitanda kilikuwa kimelaliwa upande mmoja, na shuka bado lilikuwa na joto. Alikaa upande huo mpaka joto likaisha.

Alipopita tena kule kesho yake, spika ilikuwa ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli. Ilikuwa mpya, aina ile yenye betri ndani, inayoimba hata umeme ukikatika.

Wiki tatu zilipita hivyo. Nesi alikwenda kazini, akachoma watu sindano. Wagonjwa wa siku hizo walisema mkono wake umekuwa mzito, na wengine walihama foleni.

Kisha baba mkwe akafariki. Alikuwa mzee wa miaka themanini na minne, mrekebishaji wa saa, aliyekaa kwa mwanawe mdogo ng'ambo ya reli. Aliamka, akaomba maji, akayaweka kando bila kuyanywa, akakata roho. Mtoto wake wa kwanza alikuwa Mkataji. Nesi alikwenda kumpa taarifa mwenyewe, sehemu zote tatu, maana si habari ya kupelekewa na mtu.

Wa kwanza alilia. Alilia akiwa amesogeza kitambaa pembeni kisilowane. Wa pili aliuliza kama bosi ameshaambiwa. Wa tatu aliweka mkasi chini akasema, "Nitakwenda kumzika baba yangu."

Safari hii Mama Sare alisimama. Alimshika Nesi mikono yote miwili. "Pole sana, dada. Mzazi ni mzazi. Mimi si mnyama. Nampa saa mbili, kuanzia saa nane hadi saa kumi. Mmoja."

"Wako watatu, na aliyekufa ni baba wa wote."

"Kaburi ni moja. Achukue wa tatu. Yule ana maneno mengi, na siku hizi mikato yake ina hasira. Hata asipokuwepo saa mbili sitapungukiwa sana."

"Hawezi kutoka bila muziki."

"Nitakuja kukufungulia mwenyewe kwenye simu yako. Nilikuwa nimepanga kuja kuzika hata hivyo."

Alikuja kweli, na suti ya kijivu iliyokatwa vizuri. Kila aliyeijua kazi ya Mkataji aliutambua mkono wake kwenye kola. Saa nane kamili alichukua simu ya Nesi, akaifunika kwa kiganja, akaandika neno la siri, akabonyeza. Wimbo ukaanza, wa polepole, wa magitaa. Mkataji akawa amesimama kati yao kando ya kaburi, tepu shingoni, vumbi la chaki kwenye nyusi. Waombolezaji walimpisha. Mashangazi walimshika mabega. Mmoja alimwondolea tepu, akaikunja, akaitia kwenye pochi yake.

Alisimama karibu na mkewe. Hawakuwa wamesimama hivyo kwa wiki nne.

"Umekonda," Nesi alimwambia.

"Wa pili anakula chakula changu."

"Unalala?"

"Spika hailali."

Mdogo wake, shemeji yake Nesi, dereva wa lori, mtu wa maneno makavu, alisogea. "Shemeji, muziki kaburini? Zima hiyo simu."

"Nikizima, kaka yako anaondoka."

Shemeji alifikiri. "Basi usizime. Lakini itie mfukoni, tumstahi marehemu."

Nesi aliitia mfukoni. Wimbo ulisikika kupitia kitambaa, mdogo kama wa nyumba ya tatu. Jeneza lilishushwa. Yalisemwa yaliyotakiwa kusemwa, kuhusu saa ambazo mzee alizifufua na uvumilivu wake kwa wadaiwa. Kisha Mkataji, kama mtoto wa kwanza, akapewa koleo. Alitia koleo la kwanza, la pili, la tatu. Aliinama vizuri, akamimina taratibu, kama mtu anayetandika kitambaa asitake kikunjamane. Jasho lilimtoka. Kwenye koleo la tisa, simu ililia mlio mfupi mfukoni mwa Nesi.

Koleo lilisimama wima kwenye udongo kwa muda, kisha likaanguka.

"Kazi," alisema shangazi mmoja.

"Kazi za watu," akaitikia mwingine.

Shemeji aliokota koleo, akatema mate viganjani, akaendelea pale kaka yake alipoishia.

Nesi alimgeukia Mama Sare, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, miguu ameikunjia chini ya kiti viatu visiguse udongo. "Umesema saa mbili."

Mama Sare alitazama saa yake. "Ni kweli. Imekwenda saa moja na dakika arobaini. Atakuwa msimamizi wangu wa karakana ya tatu amewasha spika, kuna mwalimu mkuu aliahidi kupitia kaptura zake leo. Amekosea. Nitamkanya."

"Mrudishe."

"Kwa dakika ishirini? Mwalimu yuko pale anasubiri, dada. Na udongo wenyewe, ukiangalia, umebaki kidogo."

Nesi aliinama akaokota donge la udongo, lenye ukubwa wa ngumi. Watu walidhani anataka kumtupia mkwewe, wakampa nafasi. Alimtupia Mama Sare. Lilimpata kifuani, katikati ya suti, likapasuka, na vipande vikamwingia kwenye kola. Waombolezaji walitazama kaburini. Mama Sare alisimama, akajipangusa mara tatu kwa leso, akaikunja leso sehemu chafu ikiwa ndani.

"Huzuni," aliwaambia waliokaa karibu naye, "kila mtu humpata kivyake."

Akatoa rambirambi kwa shemeji, kwa mkono, akaenda kwenye gari lake. Alikuwa na mambo ya kufunga kabla ya saa kumi na moja.

Kaptura kumi na mbili za jioni ile zilitoka na alama za vidole vya udongo. Zilifuliwa, zikapigwa pasi, zikauzwa.

Siku tatu baada ya maziko Nesi alikwenda karakana ya kwanza akitoka kazini. Alivuta benchi la wateja, akalisogeza hadi kwenye meza ya kukatia. Wa kwanza alikuwa anakata mifuko ya mashati.

"Nisimulie," alisema. "Mimi sikuwepo."

Nesi alimsimulia: jeneza lilikuwa la mbao gani, nani alikuja na nani hakuja, shangazi yupi alizimia na yupi alijifanya kuzimia. Alimwambia kwamba marehemu alikuwa amevalishwa saa yake, na kwamba ilikuwa inatembea. Wa kwanza alisikiliza akikata. Ilipofika sehemu ya koleo alisema, "Nilijua tu. Mkono wa kulia uliniuma mchana wote."

Kesho yake alikwenda nyuma ya soko. Wa pili alitazama mlango wa ofisi, akatazama mkewe, akasema hana muda. Nesi aliketi hata hivyo. Alianza kusimulia kwa sauti ya chini, akimtazama shingo na si macho. Wa pili aliendelea kukata sketi, haraka zaidi kuliko kawaida. Alipofika kwenye saa iliyokuwa inatembea, mkasi ulipotea mstari. Haikuwahi kutokea kwa miaka ishirini na miwili. Tabaka nane ziliharibika. Wa pili alizikusanya upesi, akazisukuma chini ya meza kwa mguu, akamwambia mkewe aondoke. Nesi hakuondoka mpaka alipomaliza.

Siku ya tatu alikwenda jengo la matairi. Mumewe alikuwa bado na udongo kwenye kucha. Hakuomba asimuliwe mwanzo, huo aliuona mwenyewe.

"Nilipoondoka," alisema, "nani alishika koleo?"

"Mdogo wako."

"Alimwaga, au alitandika?"

"Alimwaga. Unamjua. Lakini mwishoni alipiga magoti akasawazisha kwa mikono."

"Akashindilia?"

"Akashindilia."

Mkataji alitandika kitambaa kingine juu ya kile, akakinyoosha kwa ubapa wa mkono toka katikati kwenda pembeni. Akachora mstari.

"Endelea," alisema. "Halafu?"

Mama Sare alikuwa ameingia, akasimama kwenye mlango na funguo mkononi. Alikuwa na suti nyingine. "Dada," alisema, "benchi hilo ni la wateja."

"Halafu," Nesi alisema, "waliweka lile jiwe la kichwani. Lilikuwa zito, wakaitana watu sita."

Mama Sare alikwenda kwenye kizimba, akafungua kufuli, akaongeza sauti. Meza ikaanza kutetemeka kidogo, na vipande vya chaki vikawa vinatembea vyenyewe kuelekea ukingoni. Washonaji waliinama zaidi kwenye cherehani zao. Mkataji alisogeza sikio karibu na mdomo wa mkewe. Mkasi haukusimama.

"Watu wangapi?" aliuliza. "Sijasikia."

Nesi akavuta pumzi, akaanza tena kutoka kwenye jiwe, kwa sauti kubwa zaidi.